YMCA ni kanisa lililojificha au ni jimu tu? Jibu kwa mama mwenye fomu mkononi

*"Habari za kazi mwalimu. Nina kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 15, wote wameng'ang'ania kujiunga na YMCA likizo hii, kijana anataka basketi na binti anataka kujifunza kuogelea. Fomu nimeshachukua ila sijajaza. Mchungaji wetu anasema ile siyo ya Kikristo tena, wamebaki na mpira na jimu, Mungu walishamwacha mlangoni, halafu ile pembetatu nyekundu ni alama ya Frimasoni. Shemeji yangu ni Muislamu, yeye anasema kinyume kabisa, eti ni kanisa limejificha, watoto wanavutwa na mpira halafu wanabatizwa. Nimsikilize nani? Ilianzishwa na nani na kwa ajili ya nini hasa? Na mbona jina lenyewe ni la vijana wa kiume, binti yangu ataingiaje? Na usalama wao je?"*

Dada yangu, hapo una watu wawili wanaokupenda, na wanakuambia vitu viwili ambavyo haviwezekani kuwa kweli kwa pamoja. Haiwezi kuwa imemfukuza Mungu na wakati huo huo inabatiza watoto kwa siri. Ila usiwacheke, kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, tatizo ni kwamba kipande cha kila mmoja ni cha zamani au ni cha mahali pengine, na wewe unataka kujua kuhusu tawi moja tu, hilo lililokupa fomu.

Nianzie mwanzo kabisa maana bila huo mwanzo mengine yote hayataeleweka.

Mwaka 1844 London kulikuwa na kijana anaitwa George Williams, ana miaka 22. Ni mtoto wa mkulima kutoka Dulverton huko Somerset, wa mwisho kati ya vijana wanane wa kiume, alifundishwa kazi ya duka la vitambaa akiwa bado mdogo mdogo, halafu 1841 akaingia London kuajiriwa duka la Hitchcock & Rogers, jirani na Kanisa Kuu la St Paul's. Sasa hebu fikiria maisha ya wale vijana wa duka. Wafanyakazi kama 140 hivi, kazi ya siku inaweza kufika masaa 14, siku sita kwa wiki, na usiku wanalala humo humo kwenye vyumba vya juu vya duka, wamebanana. Wazazi wako mbali. Ukitoka nje baada ya kazi kilichopo ni baa, kamari na umalaya, basi, hakuna uwanja, hakuna maktaba ya kumpokea kijana asiye na hela, hakuna hata sebule ya kukaa na mwenzako mkaongea. Williams na wenzake wakaanza kuomba na kusoma Biblia chumbani, wawili watatu, wakawa wengi, na tarehe 6 Juni 1844 vijana 12 wakakaa humo ndani wakaanzisha chama. Ndiyo YMCA hiyo, Young Men's Christian Association, yaani Chama cha Vijana wa Kiume Wakristo.

Angalia vitu viwili hapo. Cha kwanza, hakuna mpira. Hakuna jimu, hakuna bwawa, hakuna chochote cha kurukaruka. Ilikuwa ni maombi, Biblia, baadaye wakaongeza chumba cha kusomea na mihadhara ya jioni. Kwa hiyo mtu akikuambia YMCA ilianza kama klabu ya michezo, hapana, michezo ilikuja miaka mingi baadaye na nitaeleza ilivyokuja, maana hapo ndipo mchungaji wako amekosea kidogo.

Cha pili, na hiki ndicho kinajibu hoja ya shemeji yako, hakukuwa na askofu wala padri wala mchungaji aliyeianzisha. Walikuwa wauza vitambaa. Tena walitoka madhehebu tofauti, Waanglikana, Wamethodisti, Wabaptisti na wale wa makanisa ya kujitegemea, kipindi ambacho watu wa madhehebu hayo walikuwa hawakai meza moja kirahisi. Makubaliano yao yalikuwa kila mmoja abaki na kanisa lake, Jumapili aende kwake, hapa tukutane kama vijana. Hiyo tabia imebaki mpaka leo. YMCA siyo dhehebu, haina ubatizo wake, haina meza ya Bwana, haina sadaka ya fungu la kumi. Kanisa lisilobatiza na lisilotoa komunyo ni kanisa la namna gani? Ni chama cha walei.

Lakini shemeji yako hajalitoa hewani, nikiwa mkweli. Kwa miaka mingi YMCA ilikuwa na nia ya wazi kabisa ya kuwaleta vijana kwa Kristo, na iliandika. Agosti 1855 wajumbe kutoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini walikutana Paris wakakubaliana msingi mmoja, unaitwa Msingi wa Paris, na ndani yake wanasema wanataka kuwaunganisha vijana wanaomkiri Yesu Kristo kuwa Mungu na Mwokozi wao na kuueneza ufalme wake kati ya vijana. Hawakuficha. Makatibu wa YMCA wa Marekani waliokwenda China, India na Ufilipino walienda kama wamisionari, mpira mkono mmoja na Biblia mkono wa pili. Dwight Moody, mhubiri yule mkubwa wa Marekani, alifanya kazi YMCA ya Chicago kabla hajawa maarufu. Kwa hiyo hofu ya shemeji ina historia nyuma yake, ila ni historia ya zamani, na hata wakati huo haikuwa siri, ilikuwa imebandikwa ukutani.

Hapo hapo niseme jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mmoja wa vijana waliosukuma sana huo mkutano wa Paris ni Henry Dunant, alikuwa mwanzilishi mmojawapo wa YMCA ya Geneva 1852. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuanzisha Msalaba Mwekundu 1863 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani ya kwanza kabisa 1901. Na John Mott, aliyeongoza YMCA kwa miaka mingi, naye alipewa Nobel ya Amani 1946. Sikwambii haya ili nikupambie chama, nakwambia ili uone kwamba wale waliokilea hawakuwa watu wa kutafuta namba za waumini tu.

Sasa tuje kwenye mpira.

YMCA ilivuka bahari 1851, Montreal mwezi Novemba na Boston mwezi Desemba, huko Boston aliyeianzisha ni Thomas Sullivan, nahodha mstaafu wa meli ambaye alikuwa anaona mabaharia wanavyopotelea bandarini. Huko Marekani miji ilikuwa inajaa vijana kwa kasi ya ajabu na makatibu wa YMCA wakagundua kitu ambacho kila kiongozi wa vijana hukigundua, kwamba ukimwambia kijana aliyechoka aje kwenye maombi saa mbili usiku anakuja mara moja, ya pili haji. Mwaka 1866 YMCA ya New York ikaandika kwenye malengo yake mambo manne kwa mara moja: hali ya kiroho ya kijana, ya akili, ya kijamii na ya mwili. Hilo neno la mwisho lilileta kelele. Na 1869 wakafungua jengo lao kubwa likiwa na ukumbi wa mazoezi ndani, na kuna Wakristo walikasirika kweli kweli, wakisema ni anasa, kumbi za mazoezi wakati ule zilikuwa zinajulikana kwa mabondia na wacheza kamari. Mchungaji wako hayuko peke yake, hoja yake ina zaidi ya miaka 150. Na mstari wao ulikuwa ni ule ule wa Paulo kwa Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yanafaa kidogo.

Waliojibu hiyo hoja hawakuwa watu walioacha imani, na hapa naomba utulie kidogo maana ndiyo kiini cha jibu langu. Walioingiza michezo YMCA ndio waliokuwa wameshika dini sana. Luther Gulick alikuwa mtoto wa wamisionari, amezaliwa Honolulu 1865, na alikuwa anafundisha kwenye chuo cha YMCA pale Springfield, Massachusetts. Yeye alisema hivi kwa ufupi: mtu hana roho iliyokaa peke yake mahali fulani kama nguo kabatini, mtu ni mzima, ukiuacha mwili wake uoze na akili yake ilale, hiyo roho unayoihubiria itasimama wapi? Ndipo 1891 akaleta ile pembetatu nyekundu. Pande tatu, roho, akili na mwili. Basi. Hiyo ndiyo pembetatu unayoambiwa ni ya Frimasoni. Alama ya Frimasoni inayojulikana ni bikari na skwea ya fundi muashi, nenda ukaiangalie mwenyewe halafu uweke pembeni ya hii uone kama zinafanana. Umbo la pembetatu ni la kila mtu, hata wachora vibao vya barabarani wanalitumia. Tena kuna nembo ya kimataifa ya YMCA, ya tangu 1881, hiyo ina Biblia imefunguliwa katikati, Yohana 17:21, pale Yesu anapowaombea wanafunzi wake ili wote wawe na umoja. Mtu anayetafuta ushetani hapo atachoka.

Na basketi anayoitaka kijana wako ilizaliwa mikononi mwa huyo huyo Gulick, kwa maana ya kwamba ndiye aliyetoa amri. Majira ya baridi ya 1891 pale Springfield walikuwa na darasa la vijana 18 wakorofi, wamezoea futiboli ya Kimarekani, sasa nje ni theluji, ndani wanapewa mazoezi ya viungo ya kunyanyua mikono na kushusha, wamechoka, walimu wawili wameshawashindwa. Gulick akamwita James Naismith, Mkanada wa miaka 30 aliyesomea uchungaji Montreal halafu akaamua anaweza kumtumikia Mungu kwa michezo kuliko mimbarini, akampa siku 14 atafute mchezo wa ndani.

Naismith alichofanya ni kufikiri kama mwalimu. Kwa nini michezo ya ndani inaumiza watu? Kwa sababu mtu anakimbia na mpira na wenzake wanamkaba waangushane, na sakafu ni ya mbao siyo nyasi. Basi, mtu asikimbie na mpira mkononi. Ukiondoa kukimbia na mpira umeondoa sababu ya kumkaba. Halafu goli, goli likiwa chini kila mtu atapiga kwa nguvu zote na wengine watajipanga mbele yake wapigwe. Weka goli juu ya vichwa, na liwe limelala likiangalia juu, mtu itabidi aurushe mpira taratibu upinde kama upinde, nguvu haimsaidii kitu. Akamwomba mtunza jengo maboksi mawili, yule mzee akasema maboksi hana, ana vikapu vya matunda ya pichi. Vikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, ambao ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni, na mpaka leo ringi iko futi 10 kwa sababu tu roshani ile ilikuwa hapo. Wakacheza tisa kwa tisa kwa mpira wa soka, tarehe 21 Desemba 1891, vikapu vilikuwa na kitako kwa hiyo mpira ukiingia mtu anapanda ngazi kuutoa, na mechi ikaisha 1 kwa 0.

Nimeirefusha hiyo makusudi dada, maana ukiisoma vizuri utaona zile sheria 13 za kwanza ni mahubiri ambayo hayana neno hata moja la dini. Usimsukume mwenzako kwa bega, usimshike, usimpige. Mchungaji wako anaposema wamebaki na mpira tu, mwambie kwa heshima kwamba huo mpira uliwekwa na mtu wa theolojia akiwa na sababu. Miaka minne baadaye, 1895, William Morgan wa YMCA ya Holyoke, mji wa jirani, akaona basketi ni nzito kwa wazee wa makamo wanaokuja jioni baada ya kazi, akafunga wavu katikati watu wasigusane kabisa, ndiyo voliboli. Na 1930 mwalimu wa YMCA ya Montevideo, Juan Carlos Ceriani, akatunga soka la ndani ambalo leo tunaliita futsal. Michezo mitatu ya dunia nzima, yote imetoka kwenye kumbi za watu waliokuwa wanaanza kwa sala.

Haya, lakini je, Mungu wamemwacha mlangoni? Hapa siwezi kukupa jibu moja na yeyote anayekupa jibu moja anakudanganya, kwa sababu ya jinsi chama kilivyoundwa. YMCA haina papa. Kuna ofisi ya dunia Geneva, ambayo 2019 ilipata katibu mkuu Mwafrika, Carlos Sanvee wa Togo, lakini Geneva haimiliki matawi wala haiyaamrishi. Ni shirikisho. Kila nchi ina chama chake, na nchi nyingi kila mji una bodi yake, bajeti yake na mfanyakazi wake, na chama kipo kwenye nchi kama 120. Matokeo yake ni kwamba kuna matawi ukiingia unakuta sala asubuhi, mafunzo ya Biblia kwa vijana na kwaya, na kuna mengine hasa kwenye nchi tajiri ukiingia unakuta mashine za kukimbilia, muziki na kadi ya umemba, neno la Mungu liko kwenye kibao cha shaba pale mapokezi na hakuna anayelisoma. YMCA za Marekani 2010 zilianza kujiita "the Y" kwenye matangazo yao, na wako waliolalamika kwamba sasa hata jina limefichwa. Mchungaji wako labda alikutana na tawi la aina hiyo, au kasoma habari zake. Hakukosea kuhusu hilo tawi, alikosea kulifanya ndilo yote.

Maoni yangu? Hatari ipo kweli. Chama kinachoishi kwa ada ya jimu kitaanza kumwangalia kijana kama mteja, hiyo ni kawaida ya pesa, na mteja hana njaa ya roho, ana kadi tu. Nimeona matawi yaliyolala hivyo. Lakini nimeona pia makundi ya vijana makanisani ambayo yana sala nyingi na hakuna mtu mzima hata mmoja anayejua jina la mtoto aliyekaa nyuma kimya, kwa hiyo wingi wa sala peke yake usiwe kipimo chako.

Kuna kitu kimoja kilitokea Kampala mwaka 1973 ambacho kinasaidia kuelewa. Baraza la dunia la YMCA lilikutana pale na badala ya kuufuta Msingi wa Paris likauacha ulivyo na kuongeza ufafanuzi, unaitwa Kanuni za Kampala. Humo kuna kufanya kazi kwa ajili ya usawa wa nafasi na haki kwa wote, mahusiano ya upendo na kuelewana kati ya watu, na kumkuza mtu mzima mzima. Maana yake kwa lugha yetu, msingi ni Kristo ila mlango uko wazi kwa yeyote, na kumtumikia jirani bila kumuuliza dini yake nako ni kazi ya Kikristo. Ndiyo maana leo YMCA ina memba Waislamu, Wahindu na wasio na dini, na wapo wafanyakazi pia. Shemeji yako akitaka kuhakikisha, aulize hapo hapo kwenye tawi: je mtoto wa dini nyingine analazimishwa kuhudhuria ibada? Ni swali halali kabisa na wakilikwepa mjue kuna shida.

Kuhusu binti yako. Ni kweli chama kilianza cha wanaume peke yao, na kwa muda mrefu wanawake walikaa pembeni. Huko London 1855 Emma Robarts na Lady Kinnaird kila mmoja kwa upande wake walianzisha kazi kwa ajili ya wasichana na ndiko ilikotoka YWCA, Chama cha Wanawake Vijana Wakristo, ambayo wengi wanadhani ni tawi la akina mama la YMCA, siyo, ni chama kingine kabisa chenye uongozi wake. Lakini hata ndani ya YMCA wanawake waliingia polepole, mwaka 1886 YMCA ya Buffalo ilimwajiri Ellen Brown kufanya kazi na wavulana, na leo wasichana ni memba kama wavulana karibu kila mahali, jina limebaki tu kwa mazoea. Na wala hiyo siyo doa pekee. Marekani, nchi ya Naismith na Gulick, YMCA iliwatenga weusi kwa miongo mingi. Anthony Bowen, mtu aliyezaliwa mtumwa, alianzisha YMCA ya kwanza ya watu weusi Washington 1853, na ubaguzi wa majengo uliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Chama kinachoomba wote wawe na umoja huku kina milango miwili. Watu wa YMCA wenyewe siku hizi wanalisema hili waziwazi, na mimi nadhani ni afadhali ulijue kabla hujamsikia mtoto analisoma mahali akakuuliza.

Sasa usalama, ambao uliuweka mwisho wa swali lako na mimi ningeuweka wa kwanza. Jina la Kikristo halimlindi mtoto. Makanisa, shule, skauti, vilabu vya michezo, kote huko pamewahi kutokea watu wazima waliowaumiza watoto, na YMCA haijaepuka. Kinachomlinda mtoto ni utaratibu, na utaratibu unaonekana kwa macho, kwa hiyo usipige simu, nenda mwenyewe, tena nenda wakati programu inaendelea, siyo asubuhi ofisi ikiwa tupu. Uliza kama wana sera ya ulinzi wa mtoto iliyoandikwa na uombe kuisoma. Uliza kama kochi anaruhusiwa kubaki na mtoto mmoja peke yake, jibu sahihi ni hapana. Angalia vyumba vya kubadilishia nguo, watoto na watu wazima wanachanganyika? Nani anasimama pale? Kwenye bwawa, mwokoaji yupo na macho yake yako majini au kwenye simu, na wana njia gani ya kujua mtoto ambaye hajui kuogelea asiende upande wa kina. Uliza wanawasiliana vipi na watoto, kochi anayemtumia binti wa miaka 15 meseji za binafsi usiku hana nafasi hapo hata kama anasali kwa lugha. Mtu mwaminifu hatakasirika kwa maswali haya. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Na ikitokea mtoto amekuambia kitu kimetokea, au amebadilika ghafla, hataki kwenda na hasemi kwa nini, hapo usiniandikie mimi na wala usianze na meneja wa tawi akumalizie kimyakimya. Msikilize bila kumhoji kama polisi, mpeleke hospitali kama ameumizwa, na toa taarifa polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Nikirudi kwenye uamuzi wenyewe. Una njia zaidi ya moja na sitaki ujione umebanwa. Ukimpeleka kijana kwenye timu ya shule au klabu ya mtaa atapata basketi, labda hata kochi mzuri zaidi, ila kwa kawaida wanachojali ni ushindi na mtoto asiye na kipaji anakaa benchi mpaka anaacha. Kundi la vijana la kanisani kwenu litamlea kwenye imani yenu hasa, ila sidhani kama lina bwawa. YMCA ikiwa hai inakupa vyote viwili nusu nusu: mchezo ambao hata asiyejua anapewa nafasi, na watu wazima ambao angalau kwenye karatasi wameahidi kumwangalia mtoto mzima siyo magoli yake tu. Ikiwa imelala inakupa jimu ya bei ya kawaida, ambayo nayo siyo dhambi, ila usiende ukitegemea malezi halafu ukalaumu chama. Kujua ipi ni ipi, muulize katibu wa tawi maswali mawili: vijana wa hapa wanafanya nini nje ya mchezo, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Tawi hai litakutajia kambi, kusafisha mtaa, darasa la ufundi, mafunzo ya Biblia, kutembelea wagonjwa, na litakutajia tarehe. Tawi lililolala litakuonyesha bango.

Mchungaji naye usimzunguke. Mwambie unaenda kuangalia, na kama ana nafasi mwende pamoja, matawi mengi yanapokea wachungaji wa eneo kwa mikono miwili, wengine hukaa kwenye bodi, na mchungaji anayelalamika kwamba hakuna neno la Mungu pale anaweza akaombwa alete yeye dakika kumi kila Ijumaa. Uone kama atakubali.

Binti mwambie asishangae siku za kwanza akifundishwa kupiga mikono na miguu nje ya maji kabla ya kuingia, ni mbinu ya zamani ya walimu wa YMCA, hofu inapungua mwili ukishajua la kufanya. Fomu ijaze kwa penseli kwanza kama bado una wasiwasi. Lipia mwezi mmoja, usilipie mwaka hata wakikupa punguzo, kaa kwenye benchi wiki ya kwanza uangalie, na mwezi ukiisha waulize watoto majina ya watu wazima wa pale na kama hao watu wazima wanayajua majina yao. Wakikujibu vizuri, lipia mwezi wa pili.